Sauti ya Mzee Reverien na Saa Moja Iliyopotea Mabamba

Risala ya Kikundi cha Tazama Tena, Kasulu, kwa mgeni rasmi Mzee Saady, siku ya kuonyesha kazi za kikundi

Mgeni rasmi, mzee wetu Saady. Mwenyekiti wa mtaa. Wazazi, majirani, na nyinyi mliofika kwa kuwa mmesikia harufu ya pilau: assalaam aleikum, Bwana asifiwe, amahoro.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, tunakukaribisha kwa furaha iliyochanganyika na woga. Furaha ni kwa sababu umefunga duka siku ya gulio ili uje kwetu, na mji mzima unajua kwamba duka lako halifungwi hata mvua ya mawe ikinyesha. Woga ni kwa sababu hatukutegemea ungekubali. Tulipokuletea mwaliko uliupokea, ukauweka chini ya mzani, ukaendelea kumpimia mteja sukari. Tulirudi tukaambiana kwamba tutafute mgeni rasmi mwingine. Mgeni mwingine hakupatikana, na wewe umekuja. Karibu sana.

Wapo watu watakaojiuliza kwa nini tumemwita mgeni rasmi ambaye ni baba mzazi wa mmoja wetu. Tunaomba wavute subira. Katika risala hii Zuhra tutamtaja kwa jina kama mwanachama mwingine yeyote, na wewe tutakuita mgeni rasmi. Yeye mwenyewe hakushirikishwa kuiandika. Ameketi pale nyuma, anatutazama kwa jicho baya.

HISTORIA FUPI YA KIKUNDI

Kikundi chetu kina watu wanne. Dadi ana kamera kubwa na sauti kubwa. Polycarpe ni Mkongomani anayeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huja kwetu anapopata kibali cha kutoka kambini, na kazi yake ni kunasa sauti. Zuhra ana kamera ndogo, tena ndiye anayehariri, maana yake ndiye anayekaa mbele ya kompyuta akiunganisha vipande tulivyovipiga hovyo viwe kitu cha kutazamika. Wa nne ni Swaumu, katibu, anayesoma haya.

Tulianza kwa kupiga video za harusi, sendofu, kipaimara na mahafali. Tulinunua kamera kwanza, akili ya kuzitumia tukaiweka kwenye bajeti ya baadaye. Jina la Tazama Tena tulilichagua tukimaanisha kwamba kazi zetu ni nzuri hata mtu atamani kuzirudia. Wateja wetu wamelielewa vingine. Wanasema ukituona tumekuletea video, itazame tena, huenda aliyeolewa si wewe.

MAFANIKIO

Sehemu hii ni fupi, mgeni rasmi, usidhani karatasi zimeshikana. Hakuna mwanachama aliyepigwa na umeme hadi leo. Tulirekodi kipaimara Makere, na ingawa uso wa askofu haumo, kofia yake inaonekana vizuri sana. Mafanikio yetu ya tatu tumeyaweka ndani ya changamoto, kwa kuwa humo ndimo yalimotokea.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto yetu kubwa ni ile uliyokwisha kuisikia dukani kwako. Uliisikia kutoka kwa wateja waliokuwa wakicheka. Leo tunaomba uisikie kutoka kwetu tuliochekwa.

Tuliitwa Mabamba, kule Kibondo mpakani, kurekodi sendofu ya kumuaga binti anayeitwa Niyubahwe. Baba yake, Mzee Reverien, alikuwa mgonjwa wa kifua kwa muda mrefu. Siku hiyo alitolewa ndani akiwa amevaa koti, akaketishwa kwenye kiti chenye mito, akapewa kipaza sauti ili ambariki mwanawe. Alizungumza taratibu, Kiha na Kiswahili pamoja, akipumzika katikati. Watu walisogeza viti karibu wamsikie. Zuhra alikuwa karibu naye na kamera ndogo. Alituambia baadaye kwamba alishikilia pumzi ili picha isiyumbe.

Hazikupita wiki nyingi Mzee Reverien akafariki. Picha nyingine yake akiongea hakuna. Iliyopo ni ile yetu.

Sasa tueleze kidogo ufundi, kwa sababu bila ufundi hamtaujua ujinga wetu ulikaa wapi. Kila kamera hujiandikia namba za muda kwenye kila kipande inachopiga: saa, dakika, sekunde, mpaka picha moja moja ndani ya sekunde. Wenye kazi wanaziita taimkodi. Sauti nayo tuliinasa peke yake, kwa simu ya Polycarpe iliyolazwa mezani mbele ya spika, maana kamera ya Dadi ilisikia jenereta tu, na ya Zuhra kipaza sauti chake kilikufa zamani. Ukiwa na vipande vingi namna hiyo, unaiambia programu ya kuhariri ivipange kwa kufuata namba hizo. Saa tisa ya kamera inawekwa juu ya saa tisa ya simu, na mdomo unakutana na sauti yake. Namba zisipopatana, mdomo na sauti vinakwenda kila kimoja njia yake.

Namba zetu hazikupatana. Kwanza tuligundua kwamba Dadi alitega saa ya kamera yake Kiswahili. Mchana wa saa nane yeye aliandika nane, wakati mashine huandika kumi na nne. Zuhra akaona tofauti ya saa sita, akairekebisha. Tulipongezana, tukanunua soda, tukajiita mafundi. Tulifurahi mno kupata kosa moja, hata haikutujia kwamba kosa linaweza kuwa na ndugu yake. Tukaionja kazi mwanzo na mwisho, penye muziki mtupu, kama mpishi anayechovya kijiko pembeni mwa sufuria, tukaipeleka Mabamba siku ya kuanua tanga.

Televisheni iliwekwa uani. Ukoo mzima ulikuwepo, na mjane, Mama Epifania, aliwekewa kiti cha mbele kabisa. Video ikaanza. Picha ikaonyesha mbuzi wa wakwe akivutwa kwenda nyuma ya jiko kuchinjwa. Mbuzi akageuka, akaitazama kamera, akafungua mdomo, na sauti ya Mzee Reverien ikasema: "Genda amahoro, mwana wanje," yaani nenda kwa amani, mwanangu.

Watu walitazamana. Wapo waliodhani ndio ufundi wa siku hizi.

Ikafika zamu ya Mzee Reverien mwenyewe. Akaonekana kitini, koti limemzidi mabega, anainua kipaza sauti kwa mikono miwili. Mama Epifania akasogea mbele. Mzee akafungua mdomo, na sauti ya MC ikatoka kifuani mwake: "Mashemeji mpooo? Mbona mmenuna kama mmelishwa ugali wa muhogo mkavu? Na huyo shangazi wa bwana harusi, soda ni za kunywa hapahapa, si za kutia mkobani!"

Mtoto mmoja alicheka. Kisha wakacheka wawili, kisha ua mzima, kile kicheko cha msibani ambacho mtu hawezi kukizuia ingawa anaona aibu. Mama Epifania hakucheka. Alisimama, akajifunika uso kwa kitenge, akaingia ndani.

Dadi alikimbilia kuzima, akazima jenereta badala ya televisheni. Polycarpe aliinama kama anatafuta kitu chini. Zuhra alibaki amesimama palepale. Anasema hakumbuki aliwaza nini, ila anakumbuka kwamba kofia ya Dadi ilianguka na hakuna aliyeiokota.

Habari ilitutangulia Kasulu. Sokoni tukawa "wale wa mbuzi". Bodaboda wakipita walitulilia meee. Na wewe, mgeni rasmi, ulisema jioni ile mbele ya chakula maneno ambayo Zuhra alitufikishia bila kuongeza wala kupunguza: "Biashara ya kuchezea marehemu siitaki katika nyumba yangu. Kuanzia mwezi ujao utakaa kaunta." Hatukulaumu. Sisi wenyewe tungeweza kusema hivyo, kama tungekuwa na kaunta.

Zuhra aliomba jambo moja tu, akamalize kazi ya Mabamba. Akaenda na Dadi kuomba radhi. Walikaribishwa ndani, na huo tayari ulikuwa ukarimu tusiostahili. Dadi alikuwa amejiandaa kwa hotuba ndefu, akaishia kusema, "Mama, sisi ni wajinga."

Mama Epifania akamjibu, "Hilo nimeliona." Halafu akauliza, "Sauti yake mnayo, au mmeipoteza?"

"Tunayo, mama," Zuhra akasema.

"Basi nirudishieni. Hata bila picha. Mimi uso wake ninaukumbuka. Sauti ndiyo imeanza kunitoroka."

Zuhra alitoa simu aangalie kama adhuhuri imeingia, ili apate sababu ya kutoka nje. Simu ilimwambia bado sana, saa tano na kitu. Lakini jua lilikuwa utosini, na redio ya jirani ilikuwa imekwisha kutangaza saa sita. Akaigonga simu kiganjani. Niyubahwe, yule bibi harusi, aliyekuwa anapepeta maharage mlangoni, akamwambia, "Dada, usiisumbue. Hapa simu zinashika minara ya ng'ambo, zinasoma saa ya Burundi. Kule wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukipanda kilima kile itarudi Tanzania yenyewe."

Zuhra akaketi chini, papo hapo penye makapi ya maharage. Akamwita Dadi. "Simu ya Polycarpe," akasema. "Siku ile ilikuwa wapi?"

"Mezani."

"Meza ilikuwa hapa! Imeandika saa ya Burundi!"

Ndivyo ilivyokuwa, mgeni rasmi. Tulifika na vifaa vitatu kwenye sherehe moja, kimoja kikasoma Kiswahili, kimoja kikasoma sawasawa, na kimoja kikavuka mpaka bila kibali. Baraka za saa tisa ziliandikwa saa nane, zikamwangukia mbuzi. Utani wa saa kumi uliandikwa saa tisa, ukamwangukia marehemu. Programu haikukosea hata kidogo. Ilitutii.

Walirudi Kasulu wakiimba. Zuhra akaisogeza sauti kwa saa moja, na Mzee Reverien akafungua mdomo akatoa neno lake mwenyewe. Tulipiga kelele hata muuza mitumba wa jirani akaja kuuliza nani amejifungua.

Tulinyamaza haraka. Sentensi ya kwanza ilikaa mdomoni mwake vizuri. Ya tatu ilitoka kabla hajafungua mdomo. Kufikia mwisho mzee alikuwa anatafuna kimya, sauti yake imekwisha kwenda nyumbani.

Hapo kila mmoja wetu akawa bingwa. Swaumu alisema ni virusi. Muuza mitumba alisema marehemu amekasirika. Dadi alisema ni umeme mdogo, kisha akakumbuka kitu na sauti yake ikashuka. Kamera kubwa hupiga picha ishirini na tano kila sekunde, ile ndogo hupiga thelathini, na yeye alikuwa ameilazimisha ndogo ihesabiwe kama kubwa ili "zifanane". Kumbe ndiyo maana watu kwenye picha za Zuhra walitembea kama wamebeba ndoo za maji. Zuhra akairudishia hesabu yake. Watu wakatembea kama watu, na mdomo wa mzee ukapata mwendo wake. Hata hivyo sauti bado ilitangulia.

Siku zile, mgeni rasmi, Zuhra alikaa mbele ya mashine mchana kutwa na spika za masikioni, akirudiarudia dakika zilezile. Kiha chenu cha nyumbani ni cha salamu tu, lakini alikwisha kuyajua maneno ya mzee yule kwa moyo, midomo yake ikiyafuata. Mchana mmoja wewe ulipita kwetu. Ulisimama mlangoni na mwavuli mkononi, ukamtazama jinsi alivyokuwa akisema bila sauti, ukaondoka bila kubisha hodi. Tulikuona. Hatukumwambia. Sasa amejua.

Mchana huohuo ndipo aliposhtuka. Alitoa spika masikioni akasema, "Haitelezi. Inaruka."

Dadi akauliza, "Tofauti yake nini?"

"Kama kosa lingekuwa la hesabu, ingetangulia kidogo kidogo tangu mwanzo mpaka mwisho. Hii inakwenda sawa, inaruka. Inakwenda sawa tena, inaruka. Kuna mtu amekata kitu." Akairudisha picha nyuma. "Tazameni mabega yake. Kila inaporuka, mabega yamepanda. Anakohoa. Mbona hatumsikii akikohoa?"

Polycarpe alikuwa anakunja waya. Aliendelea kuukunja hata ulipokwisha.

"Ni mie," akasema. "Ni mie nilitosha bikohozi byote. Niliwaza batu batamuseka muzee. Nilipenda aonekane muzima. Pardon, Zuhra."

Hakuna aliyemkemea. Sote tulikuwa tumeisikiliza sauti ile imesafishwa, tukaisifu. Lakini kila kikohozi alichokiondoa kwenye sauti kilibaki kwenye picha, na maneno yaliyofuata yakasogea mbele kuziba pengo. Kwa heshima zetu tulikuwa tumemfanya mzee ajikimbie mwenyewe.

"Uliifuta ile ya kwanza?" Zuhra akauliza.

"Hapana. Iko ndani ya simu. Mama yangu alinifunza kitu cha mufu habatupe."

Akaileta. Zuhra akaiweka yote na vikohozi vyake, akalinganisha kikohozi kimoja baada ya kingine, bega likipanda, sauti ikipasuka. Picha na sauti havikuhitaji tena kusukumwa. Vilikaa.

Safari ya mwisho ya Mabamba hatukuita ukoo. Tuliweka kompyuta juu ya kigoda, chumbani, Mama Epifania na Niyubahwe wakakaa kitandani. Mzee Reverien akatokea. Kabla ya neno lolote alikohoa, kikohozi kirefu chenye mikwaruzo. Mama Epifania akashika mkono wa binti yake.

"Eee," akasema. "Ndiye huyo."

Mzee akasema aliyokuwa ameyasema siku ile: "Niyubahwe, genda amahoro, mwana wanje. Mbegu tunaitundika juu ya jiko isiliwe na wadudu, lakini msimu ukifika tunaishusha. Ikikaa mno kwenye moshi haioti. Nami nimekushusha. Imana ikurinde, Mungu akulinde."

Ilipokwisha, Dadi, ambaye akijisikia vibaya lazima atoe huduma, akasema kikohozi kile kinaweza kupunguzwa kidogo, kisisumbue.

"Usikiguse," Mama Epifania akamwambia. "Nimelala na kikohozi hicho miaka yote. Usiku sasa nyumba imenyamaza, silali." Akafuta macho kwa pembe ya kitenge. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Tulidhani analia. "Na ile ya mbuzi msiifute," akasema. "Marehemu angeicheka kuliko wote."

Hayo ndiyo mafanikio yetu ya tatu. Hatujapata makubwa zaidi.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kwa desturi hapa tunaomba kompyuta mpya, kamera zinazofanana, na chumba kisichovuja. Tunaviomba, maana tukiacha kuviomba watu watadhani tunavyo. Ukiweza kutusaidia pia neno kwa wahusika ili Polycarpe apate kibali cha siku nyingi zaidi, tutashukuru.

Lakini ombi letu lenyewe ni lingine.

Tulipokuwa tunarudi kutoka Mabamba, Zuhra alitazama nje ya dirisha njia nzima. Dadi alijaribu kumchekesha akashindwa, na akishindwa Dadi ujue mambo ni mazito. Tulipofika stendi Kasulu, akiwa ameshika mkoba wake, akasema, "Nimerekodi baba za watu wote. Wangu sina hata neno lake moja." Akaenda zake nyumbani.

Alitukataza kukuambia. Tumewakosea wateja wengi, tumeona tumkosee na yeye.

Mwezi ujao umebaki siku chache ufike. Hatuna haki ya kuingilia maamuzi ya mzazi, na kaunta yako ni ya halali, imemsomesha yeye na ndugu zake. Tunajua pia kwamba hujaiona kazi ya Mabamba. Uliyoisikia ni ile ya kwanza. Kwa hiyo tunakuomba, kabla ya pilau na kabla ya kutoa neno lako, ukae hapa mbele utazame dakika zile za Mzee Reverien kama Zuhra alivyozipanga. Ukimaliza, ukiona bado mahali pake ni kaunta, tutampelekea kiti chake dukani sisi wenyewe na hatutanung'unika, isipokuwa Dadi.

Na ukiona vingine, usituambie sisi. Sisi neno lako tutalielewa kinyume, tutaliandika saa isiyo yake. Mwambie yeye. Yuko pale nyuma, na sasa hivi amesimama.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, Mwenyezi Mungu akupe afya ya kifua na miguu, akuwekee baraka katika mizani yako, akupe wateja wanaolipa na watoto wanaokusikiliza, na pale wasipokusikiliza, wawe na sababu ya kuridhisha. Awarehemu wazee wetu waliotangulia, wa Mabamba na wa kwingine kote. Sisi atupe busara kidogo, hata ya mitumba.

Tunaomba kuwasilisha, na kiti cha mbele tunakuomba ukikalie.

Ni sisi,
Kikundi cha Tazama Tena, Kasulu.
Imesomwa na Swaumu, katibu.